Mzee Chokaa na Jengo Kongwe

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza majengo ya shule yetu, fundi wetu mkuu, Mzee Chokaa, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi, naye hakulikataa. Mkewe hulalamika kwamba amemfulia mashati tangu waoane, na bado mume wake ana masikio meupe.

Alipoajiriwa, jengo kongwe la mawe lilikuwa tayari linavuja. Akapanda darini, akaziba, akashuka na kutangaza kwamba bado lina umri. Aliwahi kuikatiza hotuba ya mwalimu mkuu siku ya mahafali ili amhamishe mgeni rasmi, maana kigae kilikuwa kinacheza juu ya kichwa chake. Mgeni alicheka kuliko sote.

Alikuwa na mazoea yake, nasi tuliyapenda: ugeni ukitangazwa, ndoo hutoka. Nyufa huzibwa, kuta hupakwa chokaa, ngazi za mbao hupigwa msasa. Kwake yeye, mgeni haonyeshwi kidonda.

Mwaka jana halmashauri ya mji ilituma kamati iamue kama jengo kongwe likarabatiwe. Mzee Chokaa alijituma kuliko siku zote. Kamati ikazunguka, ikasifu, ikaamua kuwa jengo ni zima na fedha za ukarabati ziende kwingine. Mvua zilipokuja, paa la upande wa mashariki likaanguka. Tunashukuru ilikuwa likizo.

Alikwenda mwenyewe halmashauri kueleza kwamba nyufa zilikuwapo, na yeye ndiye aliyezifunika. Walimpa kiti, wakamsikiliza kwa heshima, kisha wakamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Jengo litabomolewa.

Tunasikitika, na hatuoni sababu ya kuficha. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakutuambia tumwambie nini aliyeficha kwa mapenzi.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, tulitarajia aseme redio. Akaomba tingatinga lisubiri mpaka ang'oe milango na madirisha kwa mikono yake, kwa kuwa mbao bado nzima na zitafaa kwingine. Halmashauri imekubali. Kwa hiyo Ijumaa hakuna hotuba. Kila mfanyakazi aje na bisibisi.

Asante kwa yote, baba yetu. Tunakuombea afya, usingizi mzito mvua inaponyesha, na uzee wenye raha. Na Ijumaa ukipanda, ngazi tutakushikia sisi.