Aliyeshindwa Huenda Dukani

Benchi lililo mbele ya duka la mashine za kufulia, kona ya Mtaa wa 169 kule Bronx, lina wenyewe watatu, na ole wako ukae bila kukaribishwa. Wa kwanza ni Alonzo, ambaye wanamwita Shemasi ingawa kanisani kwake kazi yake ni kuonyesha watu viti. Wa pili ni Wilfredo, Mpuertoriko, wanamwita Sindano kwa sababu enzi za ujana alipiga santuri kwenye sherehe za uani, na vidole vyake havijatulia mpaka leo. Wa tatu ni Rondell, dereva wa basi la shule, ambaye hana jina la utani, na wenzake wanasema ni kwa kuwa hana jambo la kuchekwa. Kila Jumamosi asubuhi hununua kahawa kwa Myemeni wa duka la kona, sukari imezidi, wakabishana mpaka vikombe vikauke. Wamebishana hivyo miaka ishirini, na sidhani kama kuna jambo moja waliloafikiana.

Jumamosi hiyo Rondell alikuja na gemu kwenye simu. Siyo gemu za siku hizi. Ni ile ya zamani ya marapa, wanaopigana ngumi na mateke ukumbini huku watu wamewazunguka, ukiyumba wanakusukuma urudi kati. Alikuwa bado na sahani yake, ile diski ya gemu. Mpwa wake alimsaidia kuinakili na kuweka programu inayoifanya simu ijifanye mashine ya gemu ya zamani. Wiki tatu amehangaika nayo.

Hakufanya hivyo kwa ajili ya kucheza. Alikuwa na neno la kumwambia Nyasia, binti wa marehemu Tyquan, na alitaka pa kuanzia.

Tyquan, au Quan, alikuwa wa nne wao. Gemu ilichezewa kwake, ghorofa ya tano, na sheria ya nyumba aliitunga yeye mwenyewe: mshindi anabaki, aliyeshindwa anatoa padi ya kuchezea na kushuka dukani kununua mikate ya nyama na jibini ya watu wote. Hakuna rufaa. Hata uwe na homa, hata mvua inyeshe, unashuka. Siku moja ya Agosti, lifti ikiwa mbovu, Quan alishindwa akashuka. Walimkuta kwenye ngazi za ghorofa ya pili, akiwa njiani kupanda, mfuko wa mikate mkononi. Pumu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na mtoto wake alikuwa na miaka miwili.

Mtoto huyo alilelewa na mama yake, huko jimbo la Carolina. Sasa naye ana miaka ishirini na miwili, amerudi kuishi na bibi yake, na kila Jumamosi huja kufua hapo. Wiki iliyopita alimuuliza Rondell, "Anko, baba alikufaje hasa?" Rondell akajibu, "Pumu." Msichana akasema hilo limeandikwa kwenye cheti, yeye anauliza kisichoandikwa. Rondell akamwahidi Jumamosi ijayo.

Maana raundi ile ya mwisho aliyemshinda Quan ni Rondell. Wote watatu walikuwepo, na hakuna aliyewahi kulitamka. 

Sindano aliinyakua simu kabla haijafika benchini.

— Hii ndiyo ile? Yenyewe?

— Yenyewe.

— Padi iko wapi?

— Hizo duara kwenye kioo ndizo padi.

— Kaka, kidole changu kinamfunika mtu mzima. Nitampigaje nisiyemuona?

Kwenye kioo marapa walikuwa wangali vijana, makoti mapana, minyororo ya dhahabu. Wengine wao wamo humo wanarusha ngumi, na huku nje tumeshawazika. Shemasi alivua kofia kidogo alipomuona mmoja wao, kisha akairudisha kana kwamba alikuwa anajikuna.

Sindano akaanza kupigwa. Simu ilikuwa inachelewa, akibonyeza leo teke linatoka kesho, na watazamaji wa ukumbini wakawa wanamrudisha kati kila anapotaka kukimbia.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, Shemasi akasema.

— Methali hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu jembe. Hebu angalia unavyolimwa.

— Shemasi, wewe methali unazitupa tu kama mtu anayewatupia kuku mtama. Kuna siku utamtoa mtu jicho.

— Hata kwa Quan ulikuwa ukipigwa hivyo hivyo. Mimi Quan nilimpiga mara kumi na moja.

— Kumi na moja? Ndotoni?

Hapo ndipo waliposhika njia yao ya kila siku. Shemasi alisema Quan alikuwa mgumu kwa sababu alipiga kwa kufuata ngoma ya muziki wa gemu, kila pigo la ngoma na ngumi yake. Sindano akasema hapana, ngoma yeye anaijua, ni kazi yake, Quan alikuwa nje ya ngoma siku zote. Siri ilikuwa sahani. Usiku aliilaza chini ya mto, ikamzoea jasho, basi ikawa haikubali kumtia aibu mbele ya wageni. Shemasi akaona ameachwa nyuma. Akadai mashine yenyewe ilimwogopa, maana Quan akichagua mpiganaji wake taa za jengo zima zilififia, na mama mmoja wa ghorofa ya tatu anaweza kula kiapo.

— Mama huyo amehamia Florida, Sindano akasema.

— Basi akale kiapo Florida. Penye nia pana njia.

Rondell hakucheka. Alikuwa akitazama upande wa kituo cha treni, ambako Nyasia angetokea na kigari chake cha nguo. Kahawa yake ilikuwa imepoa na hajainywa. Sindano alimtazama kwa pembe ya jicho, akaweka simu kwenye paja.

— Nyinyi mnapoteza muda, akasema taratibu. Mtu yule hakuwahi kushindwa. Hata siku ile hakushindwa.

Mahali pale palikuwa na kelele za mashine na mabasi, lakini Rondell aliona kama vyote vimezimwa. Maneno hayo, siku ile, hayakuwahi kutajwa kwenye benchi.

— Siku ile vipi? akauliza.

— Alijiachia. Alikuwa na njaa. Na unamjua Quan kwa kiburi, asingesema nina njaa mbele za watu. Akalegeza mkono makusudi, apate sababu ya kushuka mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, nilikiona kidole gumba. Hakikubonyeza.

— Kweli kabisa, Shemasi akadakia. Hata mimi nilikiona. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Safari hii Sindano hakumkosoa methali. Ilikuwa nadharia ya kipumbavu. Quan hangemwachia mtu raundi, hata angekuwa mamaye mzazi. Lakini Rondell aliipenda nadharia ile kuliko chochote alichoambiwa miaka ishirini, na alielewa kwamba wenzake wameileta kwa ajili yake, kama mtu anavyomsogezea mwenzake kiti. Labda na ubishi wote wa miaka yote ulikuwa huo huo, kelele za kumzuia mtu asiulize. Aliwapenda, na aliona haya.

Nyasia akafika. Aliacha kigari mlangoni, akawasalimu mmoja mmoja kwa heshima, anko huyu, anko yule, akainama kutazama kioo.

— Hii ndiyo gemu ya baba?

— Ndiyo hii, Shemasi akasema. Hakuna aliyemweza.

— Anko Sindano aliniambia sheria. Anayeshindwa anakwenda dukani.

— Ndivyo ilivyokuwa.

— Na siku ile alikwenda yeye.

Hilo halikuwa swali. Swali lilikuwa linakuja nyuma yake.

— Nani alimshinda?

— Mimi, Shemasi akasema papo hapo.

— Usimsikilize mzee huyu, Sindano akasema. Ni mimi.

— Mimi, nakwambia. Mara ya kumi na mbili.

— Shemasi, nyamaza. Binti, ni mimi.

Walikuwa wanabishana kama siku zote, ila safari hii hakuna aliyemtazama Rondell. Nyasia aliwatazama wote wawili, hakumuamini hata mmoja.

Rondell akasimama.

— Ni mimi, mwanangu. Mimi nilimshinda baba yako. Aliomba turudie raundi, nikamwambia sheria ni yako, shuka. Nikamwambia na aongeze pilipili kwenye wangu.

Alikuwa amelisema. Alisubiri. Miaka yote hiyo alikuwa amejiandalia majibu. Akimtukana, atanyamaza. Akilia, atamwambia alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu. Akiuliza kwa nini umekaa kimya, atasema mimi ni mwoga, na huo ni ukweli. Hata kofi alikuwa tayari kulipokea.

Nyasia hakufanya lolote kati ya hayo. Alikunja uso kidogo, kama mtu anayejaribu kuona mbali.

— Alipokuwa anatoka, alikuwa anahemaje?

Rondell akairudia raundi ile kichwani. Alimkumbuka mpiganaji wa Quan amelala chali kwenye kioo cha runinga, fulana nyekundu, minyororo imetawanyika. Alikumbuka maandishi ya ushindi. Alikumbuka mwenyewe ameinua mikono. Akamtafuta Quan mwenyewe chumbani mule, uso wake, kifua chake, akatafuta tena. Aligeuka kwa Shemasi, Shemasi akatikisa kichwa. Aligeuka kwa Sindano, na Sindano alikuwa ameziba uso kwa viganja.

— Anko? Nyasia akasema. Nauliza tu. Alikuwa anahema vizuri?

— Mlango ulikuwa nyuma ya kochi, Rondell akasema. Hatukugeuka kumtazama.