Kalia Mikono

Kwenye kiti cha mbele yangu basini, binti mwenye sare ya urubani alimweleza mama aliyeketi naye kwamba bado anasoma chuo kikuu, lakini tayari anawafundisha wenzake kurusha ndege. "Na wakikosea huko juu?" mama akauliza. "Naikalia mikono yangu, mama. Nikiwapokonya usukani mapema, hawatajifunza." "Na mkianguka?" "Nitaushika kabla." "Kabla ya nini, mwanangu?"

Dereva akakata kona ya kituoni kwa kasi. Mwalimu wa angani akakumbatia kiti cha mbele yake, mguu ukikanyaga breki isiyokuwepo. Basi likasimama. Mama alikuwa ametulia, viganja chini ya mapaja. "Kalia mikono, mwalimu," akasema akiinuka. "Mwache dereva ajifunze."