Kivuko Kimehamia Magharibi: Kwaheri ya Ustadh Wagdi wa Bustani ya Mfereji

Baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, Ustadh Wagdi Marzuq, msimamizi mkuu wa Bustani ya Mfereji hapa Mit Zahran, anastaafu tarehe kumi na nne mwezi huu, siku anayotimiza miaka sitini. Mhariri wa jarida letu ameniomba mimi, Inshirah wa kitalu cha miche, niandike wasifu wake kwa kuwa nimefanya naye kazi muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Nimekubali. Ila nitangulize jambo moja nisije nikaonekana mnafiki: mtu huyu nimemwonea wivu tangu siku ya kwanza, na wivu wenyewe bado haujapoa.

Aliajiriwa akiwa kijana, kazi yake kufungua na kufunga malango ya maji, wakati mfereji wetu bado ni mfereji. Babu za babu zetu waliuchimba kwa mikono, kwa kulazimishwa, ili mashamba ya pamba ya mapasha, mabwana wakubwa wa enzi hizo, yapate maji, na kwa miaka mingi mashua zilizosheheni marobota zilipita hapa zikielekea bandarini. Ustadh Wagdi aliukuta umeshazeeka: maji ya kijani, mbu, kichocho, na kila kilichokufa mjini kikitupwa humo. Serikali ilipoamua kupitisha maji kwenye mabomba na kuufukia mfereji, wenzake walihamishiwa miji mingine. Yeye aligoma kuondoka. Alisema juu ya mabomba hayo iwe bustani kabla watu hawajajenga maduka, akazunguka ofisi moja baada ya nyingine hadi makarani wakawa wakimwona wanajificha. Bustani ikapatikana. Sifa hiyo ni yake, siwezi kumnyang'anya, ingawa nimejaribu.

Mwaka wa kwanza watu walikataa kuikanyaga. Chini ni udongo mkavu na nyasi changa, lakini mtu wa magharibi akitaka mkate wa mashariki alizunguka hadi darajani kama alivyozoea, akarudi kwa njia ileile. Ustadh alisimama katikati ya nyasi akipiga makofi. "Piteni jamani, hamna maji!" Aliyejitosa wa kwanza ni mama yake mwenyewe, Haja Zannuba. Alivua ndala, akapandisha gauni hadi magotini, akavuka akiinua mguu mmoja mmoja kana kwamba anakwepa matope. Alipofika upande wa pili akamwuliza mwanawe, "Haya, sasa miguu nikaushie wapi?" Mji mzima ulicheka, na siku hiyohiyo nyasi zikaanza kukanyagwa.

Mwandishi wa gazeti alikuja kumpiga Ustadh picha. Mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo ya miche. Ukiitazama vizuri picha ile utaona mpini wa ndoo. Kila mti ulio katika bustani hii nimeuotesha mimi kwa mikono yangu, lakini Shamm el-Nasim, sikukuu yetu ya majira ya machipuko, ikifika, familia zikatandika mikeka na kufungua samaki wao wa chumvi na vitunguu, utawasikia: "Mungu amlipe Ustadh Wagdi kwa kivuli hiki!" Hapo huwa nachukua koleo na kwenda kuchimba mahali ambapo hapahitaji kuchimbwa.

Lakini miti ningeweza kuisamehe. Kilichoniuma miaka yote ni kivuko.

Zamani, kabla ya daraja, mji huu ulivuka kwa kivuko cha mnyororo, na mvutaji wake alikuwa Nahodha Marzuq, baba yake Ustadh. Nyumba yao iko mashariki, kwa hiyo kivuko kililala mashariki. Mkate ulikuwa mashariki, daktari mashariki, shule mashariki. Sisi wa magharibi tulisimama ukingoni tukaita. Asubuhi moja mama yangu alishikwa na uchungu, wakamfikisha ukingoni, na nyanya yangu akaita, majirani wakaita, nusu ya mtaa ikaita. Nahodha alikuwa anakula maharage. Alipovuta kivuko hadi kwetu huku akijifuta mdomo, mimi nilikuwa nimeshazaliwa, nalia mchangani.

Sasa, kila Ijumaa baada ya sala, Ustadh Wagdi huwatembeza wageni na kuwasimulia historia ya mfereji, na kisa hicho hakikosekani. "Mnamwona huyu bibi mwenye koleo?" huwaambia. "Hana subira tangu tumboni. Kivuko kiko njiani, yeye katangulia!" Wageni huangua kicheko, kisha huomba kupiga picha nami. Hata kuzaliwa kwangu kumekuwa kisa chake.

Kivuko chenyewe kiliopolewa topeni wakati wa kufukia, kikapakwa rangi ya buluu, kikawekwa bustanini kiwe kumbukumbu. Kiliwekwa upande gani? Mashariki, mbele ya dirisha la kina Marzuq. Kila mkutano wa mwaka nilisimama nikaomba kihamishwe, walau mara moja na sisi tulale nacho. Mkurugenzi wetu, Mhandisi Gihan, alijibu, "Tutaliangalia, Bi Inshirah." Naye Ustadh aliongeza kwa upole wake ule unaochoma: "Dada yangu, kila kitu kina kwao."

Mwezi uliopita tulikutana kupanga zawadi yake. Mkurugenzi alipendekeza ngao ya heshima, kama kawaida yetu. Ustadh akatikisa kichwa.

"Ngao ninazo, ukuta umejaa. Mkinipenda, hamisheni kivuko."

"Tukipeleke wapi, Ustadh?"

"Magharibi. Kikalale kwa kina Inshirah."

"Wazo zuri mno!" akasema Mkurugenzi, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Wazo zuri mno! Nimelisema mpaka koo limekauka, mtu wa mashariki kalisema mara moja, likawa zuri. Nilipiga makofi pia, kwa meno yaliyokazwa.

Winchi ilikuja siku ya Jumanne. Kivuko kilipokwisha kutua kwetu, Ustadh Wagdi alisimama kando yake akitazama ng'ambo, kwao.

"Kumbe ukiwa huku, nyumba yetu iko mbali hivi," alisema.

"Umri wangu wote naitazama kutoka hapa, sasa ndiyo unaniambia?"

"Nyanya yako aliita sana, Inshirah?"

"Aliita."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Nikamwambia, "Ustadh, nakuomba, usianze wema leo. Nitaandika nini kwenye jarida?" Akacheka, nami nikacheka, na wivu wangu ukaona haya kidogo, kidogo tu.

Matembezi ya Ijumaa yamekabidhiwa kwangu, kwa pendekezo lake, na hata hilo limeniudhi, maana nilitaka kuyapata kwa kushindana naye. Yataanzia magharibi. Na kile kisa nitakinyoosha: mimi sikutangulia, kivuko ndicho kilichochelewa.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Ustadh Wagdi, ahsante kwa kutuokotea bustani kwenye matope. Mungu akupe afya, wajukuu wasumbufu, na kiti cha kukalia chini ya miti yangu. Dirishani pako sasa pako wazi, hapana tena cha kukukinga usituone. Ukitaka kuvuka, simama ukingoni uite, na upaze sauti, ndugu yangu. Kivuko sasa kinalala kwetu, na asubuhi sisi nasi huwa tunakula maharage.