Macho ya Bibi Masalu

Sogeeni, wanangu, na wewe Queen, dada yangu uliyenizidi mwaka mmoja na unaona kichekesho nikikuita mwanangu, cheka lakini kaa chini, maana mwenye kiti hiki cha miguu mitatu ni mama wa kila mtu humu ndani. Wazee wenye mvi wananiamkia shikamoo mimi Kija, msichana wa miaka ishirini na saba niliyeacha shule darasa la tano, nami naitikia marahaba bila aibu, tena kwa madaha.

Naona mnavyonitazama. Msinihurumie, hata nikibaki mifupa nawazidi uzuri. Ila leo sina muda wa kuringa. Desturi mnaijua: kiti hiki hutolewa kwa mkono, mwenyewe akiwa bado anapumua, na nikikata roho kabla sijamkabidhi mwanamke, anakichukua mwanamume mkubwa wa mji huu, naye ni baba mdogo Mashimba, yule anayekohoa makusudi pale nje ili nijue anasubiri. Shikamoo baba mdogo! Bado nipo! Tangu biashara iwe ruksa na viwanda vya minofu ya sangara vifunguliwe Mwanza, anaota dawa ya kuvuta samaki na dawa ya dhahabu ya Geita, na kibao amekwisha kukichora, jina lake kwa rangi nyekundu. Kiti walichokalia wanawake saba wakiombea mvua na uzazi, kiuze bahati kwa wenye pikapu!

Bibi yetu, aliyekikalia kabla yangu, alinifundisha kwamba Aliyetuumba ni Mama vilevile, ndiyo maana akiomba mvua aliinama kama mtoto anayemwomba mama yake maji. Teodora, mdogo wetu wa kwaya, akanibishia, "Dada Kija, hayo ni ya kipagani." Nikamwambia, wewe kila mwezi wa tano unampigia magoti mama gani? Na siku kaburi lilipokutwa tupu, habari ilipelekwa na nani? Na wanawake. Wanaume wakasemaje? Kwamba wanapayuka. Akacheka mpaka akakaa chini: "Dada, ungebaki shule ungekuwa padri." Padri? Askofu, bwana.

Sasa sikilizeni lile ambalo sijamwambia mtu. Bibi Masalu alikaa mkono wa kulia wa bibi miaka yote, akimshikia kibuyu, na bibi kabla ya kukata roho alimkabidhi yeye kiti, kila mtu akajua ni chake, lakini yeye akasema ameota bibi akininyooshea mimi kidole, akanikalisha kwa mikono yake mwenyewe, akanivika shanga hizi, akanipikia kama mtoto wake. Mwaka wa pili akaja mtu wa kule Busisi, amefiwa na watoto wawili, na kifaranga mkononi, akitaka kujua nani amewaroga. Akakitemea mate mdomoni kama inavyotakiwa, nikakipasua, nikasoma mbawa, nikasoma utumbo, sikuona kitu. Palikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Bibi angesema, "Sioni, baba, wapeleke waliobaki hospitali Sengerema." Mimi, uani pamejaa watu, wote wananitazama, mimi Kija nisiyeshindwa, nikaona haya kusema sioni. Nikasema: mwanamke mzee, macho mekundu.

Nilijidanganya kwamba hao ni wengi, hataguswa mtu. Nani hapa hana macho mekundu, na sisi tunapikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya mtama, moshi unatukaanga tangu utotoni? Lakini mwenye macho mekundu kuliko wote alikuwa yule aliyekuwa jikoni akinipikia. Walimfuata na mapanga, wakachoma nyumba yake, wakamkata mkono wa kushoto, akavushwa kwa mtumbwi akivuja damu mpaka akaishia Nansio. Nami nikaendelea kuitikia marahaba.

Queen, usiiname. Kiti si chako, na ng'ombe wangu mwenye baka ndiye wako, tosheka. Kiti ni cha Bibi Masalu. Teodora nilimtuma Nansio juzi akamlete, na kama hatakuja, au akikuta sipumui, basi kibao cha baba mdogo kitapigiliwa misumari kesho. Akija, mpikieni kwa mkaa, asikanyage jikoni kwenye moshi. Laleni mlangoni kwake kwa zamu. Nendeni mnadani, simameni katikati ya watu wa Busisi, mseme kwa sauti kwamba Kija aliongopa, msipunguze neno hata wakiwarushia mawe. Na yeyote atakayekaa hapa akipasua kifaranga asione kitu, aseme sioni. Neno dogo hilo. Mimi lilinishinda.

Nipeni maji. Hapana, acha, hayapiti.

Hizo ni ndala za Teodora. Na nyingine? Nani anatembea polepole vile? Queen, ninyanyue kichwa, macho yangu yamekwisha... Shikamoo, bibi.

Shikamoo, bibi Masalu.

Hujaitikia. Una haki, usiitikie. Nisingeitikia hata mimi. Ila nyosha huo mkono mzima, ushike kiti upande wako, mimi nimekishika huku, bado napumua, baba mdogo ingia uone, bado napumua... Nilikipata mkononi mwako, bibi. Nakirudisha mkononi mwako. Mimi nilikichafua tu.

Kimekuwa chepesi... au ni mkono wangu. Teodora, niambie, amekishika? Amekaa?

Amekaa, unasema.

Basi... Mama aliyetuumba awafunike nyote, hata wewe baba mdogo... awape mvua, awape watoto wasiokufa... Queen... nani amewasha jiko? Fungeni mlango, moshi unaingia... fungeni... macho yake...