Fundi Bakuli na Mashine za Kifuniko cha Kijivu

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Fundi Bakuli anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka thelathini na mitatu na miezi miwili. Aliajiriwa kama seremala, wakati mashine zetu za kutotolesha vifaranga zilikuwa bado masanduku ya mbao yenye taa ndani. Anaondoka akiwa fundi mkuu wa huduma za nyumbani. Maana yake ni kwamba mashine yoyote ya kampuni hii iliyo jikoni, sebuleni au chini ya kitanda cha mtu, yeye anaijua, na anamjua pia aliyeilaza hapo.

Meneja ameagiza wasifu huu uwe nusu ukurasa, uchekeshe kidogo, na usiguse habari za mashine. Kuchekesha nitajaribu. Nusu ukurasa haitoshi, na bila mashine sina cha kuandika juu ya Fundi.

Jina la Bakuli alipewa na wateja. Akifika nyumbani kwa mtu, kabla hata salamu hazijaisha, huomba bakuli. Wenyeji wengi hukimbilia jikoni wakidhani mgeni ana njaa. Mama mmoja alimletea limejaa uji. Fundi aliunywa wote, akashukuru, akaosha bakuli, kisha akalitia maji na kuliweka ndani ya mashine, chini ya mayai. "Unyevu unatoka kwenye uso wa maji, mama, hautoki kwenye kina," alimwambia. "Kikopo chako kirefu hiki hata ukijaze mpaka juu, hewa inapata kijidirisha tu. Bakuli pana ni mlango mzima."

Watu wa mitaa yetu wamejifunza kwake mambo ambayo kijitabu chetu hakiyasemi vizuri. Yai litiwe alama kwa penseli, upande mmoja msalaba na upande wa pili duara, ili anayeligeuza asijidanganye. Kalamu ya wino haifai, kwa sababu ganda linapumua. Mashine isikae dirishani jua linapopiga, wala juu ya jokofu linalotetema. Joto liwe nyuzi thelathini na saba na nusu, lisicheze. Siku ya kumi na nane mtu aache kugeuza, aongeze maji, afunge kifuniko, na asikifungue tena mpaka vifaranga wakauke manyoya, hata mama mkwe akija kutoka mbali kutaka kuona. Juu ya mama mkwe Fundi ana hadithi nne, na zote huishia na kifuniko kufunguliwa.

Lakini jambo ambalo hakuna fundi mwingine hapa analifanya ni kusoma mayai yaliyokataa kuanguliwa. Mteja akipata hasara, sisi wengine tunampa pole. Fundi humwambia, "Usitupe hata moja." Hufika kwake, akatandika gazeti, akayavunja mayai moja moja na kuyapanga kwa umri. Harufu yake siwezi kuieleza kwenye karatasi ya sherehe. Yeye huinama pale na miwani yake iliyofungwa waya, na akiinuka anajua kosa lilitokea siku ya ngapi na lilikuwa la joto au la maji.

Mimi nilianza kazi hapa Januari, mwezi mmoja baada ya kupokea matokeo ya shule. Nilipangiwa simu za wateja kwa sababu, nadhani, hakuna mwingine aliyezitaka. Sikuwa mtu wa kuongea, na nilifurahi nilipopewa karatasi ya kusoma. Karatasi hiyo ilikuwa na maswali mawili na sentensi moja. Jina lako nani. Uliweka mayai tarehe ngapi. Kisha, mteja akijibu lolote, nisome: "Tatizo hili husababishwa na kufungua mashine mara kwa mara. Tafadhali rejea kijitabu." Mezani sikuwa na karatasi nyingine.

Nimeisoma sentensi hiyo kwa watu ishirini na watatu. Nimewahesabu kwenye daftari la simu. Wote ishirini na watatu walikuwa na mashine mpya, zile za kifuniko cha kijivu zilizoanza kutoka Oktoba, zenye kioo kinachoandika joto kwa tarakimu.

Wa ishirini na tatu alikuwa mshonaji wa sare za shule. Aliweka mayai arobaini na nane, akapata vifaranga sita wanaosimama. Nilimsomea. Akasema, "Mwanangu, mimi kile kifuniko nilikizungushia tepu tangu siku ya kumi na nane, kwa ajili ya watoto wangu wasiguse. Nimekifungua saa ngapi?" Nikamsomea sentensi ileile tena, kwa sauti ileile. Akasema, "Haya, asante mwanangu," akakata simu.

Angenitukana ningelala vizuri. Aliniachia ile asante, nami nikainuka na kwenda karakana, mahali ambapo kwa miezi mitatu nilikuwa nimeingia mara mbili tu. Nilimweleza Fundi nikitazama sakafu. Aliniuliza kitu kimoja: "Mayai yaliyobaki kayatupa?"

Hakuwa ameyatupa. Tulikwenda siku hiyohiyo. Fundi alitandika gazeti juu ya meza ya kukatia vitambaa, huku mwenye nyumba akiendelea kushona kwa mguu mmoja na kututazama kwa jicho moja. Alivunja mayai kumi na matano. Alinionyesha kila moja, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma.

"Kifaranga aliyekufa kwa sababu kifuniko kilifunguliwa, utando humkaukia akabanwa kama aliyefungwa bendeji. Umeona utando uliokauka hapa?"

Sikuuona.

"Hawa wameharakishwa. Tazama kitovu, hakijafunga. Kiini bado kiko nje. Mama, wale sita walitoka lini?"

"Siku ya kumi na nane jioni mmoja, wengine kumi na tisa," mshonaji alijibu. "Nikasema wangu wana akili, wamewahi."

"Wamekimbia moto," alisema Fundi.

Aliomba kipimajoto cha homa, kile cha kuweka kwapani, ambacho nyumba yenye watoto haikosi. Mashine ilikuwa bado inawaka. Kioo chake kiliandika thelathini na saba na nusu. Fundi alikung'uta kipimajoto, akakilaza pale mayai yalipokuwa, akafunga. Tulisubiri dakika ishirini. Mshonaji alimaliza kola mbili. Kipimajoto kilipotoka kilisoma thelathini na tisa na ushee.

Yule mama aliacha kushona. Akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe nilikuwa nawapika."

"Hukuwapika wewe," Fundi alimwambia. "Sisi ndio tuliokuuzia jiko tukaliita mashine."

Huko nyuma, kumbe, alikuwa ameshasema. Mimi ndiye ninayepanga barua kwenye mafaili, nami nilizitafuta. Fundi Bakuli alimwandikia Meneja Oktoba, mara tu alipoipima mashine ya kwanza ya kijivu: kioo kinaonyesha pungufu ya joto halisi kwa nyuzi moja na nusu, zisitoke kabla sijazirekebisha. Alimwandikia tena Desemba. Alimwandikia tena Februari. Barua zote tatu zina muhuri wa IMEPOKELEWA. Jibu lililopo kwenye faili ni moja, la Desemba, la mistari miwili, kwamba mashine mpya zitoke zikiwa ndani ya maboksi yake, zimefungwa kama zilivyofika, na mafundi wasiziguse. Wakati huohuo ndipo karatasi yangu ya simu ilipoandikwa. Nimelinganisha tarehe.

Jumatatu iliyofuata Fundi aliingia kwenye kikao cha wiki na sinia. Juu ya sinia kulikuwa na mayai ya mshonaji, yamepangwa kwa umri. Meneja aliweka leso puani.

"Mzee, hii ni ofisi au jalala?"

"Uchafu hauko kwenye sinia, bosi. Uko kwenye ile karatasi mnayompa binti awasomee watu."

Mtunza ghala alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Wengine wote walitazama meza. Mimi pia nilitazama meza. Daftari la simu lilikuwa mapajani kwangu, na majina ishirini na matatu yalikuwemo, na sikulifungua. Nimemkasirikia Meneja kwa mengi, lakini kwa hilo nimejikasirikia mwenyewe.

Wiki iliyofuata mambo mawili yalitokea. La kwanza, uuzaji wa mashine za kijivu ulisimamishwa, kimya kimya, bila mteja hata mmoja kuambiwa sababu. La pili, Fundi alipewa barua ya onyo. Inasema alishindwa kurekebisha vipimajoto kabla ya mashine kutoka karakana. Vipimajoto vilevile alivyoomba mara tatu avirekebishe, akakatazwa kwa maandishi! Nimeisoma barua hiyo mara nyingi nikitumaini nimekosea kuielewa. Sikukosea.

Fundi hakupiga kelele. Alikuja mezani kwangu akaomba orodha ya nyumba. Mashine za kijivu zilizo majumbani ni arobaini na sita. Tangu siku hiyo amekuwa akizunguka na bisibisi na kipimajoto cha homa mfukoni. Nyuma ya kile kioo kuna skrubu ndogo. Anaizungusha kidogo, anasubiri, anapima, anazungusha tena. Mimi natangulia kupiga simu. Karatasi nimeitupa, na nimegundua kwamba sauti ninayo. Mpaka leo amerekebisha thelathini na nane. Nane zimebaki, na wenyewe hawapokei simu. Kama unasoma haya na nyumbani kwa ndugu au jirani yako kuna mashine ya kifuniko cha kijivu, mwambie asikiamini kioo. Alaze kipimajoto cha homa kando ya mayai, akisome baada ya dakika ishirini, na apunguze joto, akikikung'uta na kupima tena kila mara, mpaka kipimajoto hicho kiseme thelathini na saba na nusu. Kisha atupigie.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nizidi ile nusu ukurasa niliyopewa. Chuo cha mifugo kimemwomba Fundi Bakuli akafundishe siku mbili kwa wiki baada ya kustaafu. Mtu ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba atasimama mbele ya wanafunzi wa chuo na sinia lake la mayai yaliyokataa. Mke wake anasema tangu barua ya chuo ifike amejinunulia shati jeupe, na analijaribu mbele ya kioo akijisemea, "Habari za asubuhi, darasa." Chuo kinasubiri kitu kimoja kutoka kwetu, barua ya utumishi mwema. Meneja amesema haiwezi kuandikwa, kwa sababu faili lina onyo.

Nilimwambia Fundi nitaandika. Akanijibu, "Acha, binti. Mimi naenda zangu nyumbani, wewe bado una miaka hapa." Ni mara ya kwanza sijamsikiliza.

Kwa hiyo nayaandika, nikiwa na barua na daftari mbele yangu. Onyo lile ni la uongo. Barua tatu zenye muhuri ziko faili namba kumi na saba, na yeyote anaruhusiwa kuniomba nimwonyeshe. Makosa ambayo wateja waliambiwa ni yao hayakuwa yao, na mimi ndiye niliyewaambia. Nimewapigia wote ishirini na watatu kuwaomba radhi. Wawili walinikatia simu, na ni haki yao. Mmoja alinifokea mpaka nikalia, kisha akaniuliza Fundi anaagwa lini. Nikamjibu. Halafu nikaona si vizuri kumwambia mmoja tu, nikawaambia na wengine. Kumi na tisa wamesema watakuja Ijumaa. Mshonaji anakuja na wale sita, ambao sasa ni kuku wa kutosha kufanya fujo ukumbini. Mtunza ghala ameshatoa viti vya ziada, na vimepangwa mstari wa mbele.

Ratiba ya sherehe iko nyuma ya karatasi hii. Kipengele cha nne, baada ya hotuba ya Meneja, kinasomeka hivi: "Meneja anamkabidhi Fundi Bakuli barua ya utumishi mwema." Aliyekiandika ni mimi, si Meneja. Barua yenyewe nimeichapa, iko kwenye bahasha juu ya meza kuu pamoja na kalamu, na imebakiza sahihi tu. Nimekitengea kipengele hicho dakika tano. Wageni wetu wamesema hata kikichukua saa nzima, wao hawana haraka.

Fundi Bakuli, asante kwa miaka thelathini na mitatu ya kuinama juu ya hasara za watu wengine mpaka ukajua sababu. Asante kwa kuniuliza lile swali moja nilipokuja karakana nikitazama sakafu. Tunakuombea afya, mapumziko mema pamoja na mama yetu nyumbani, na Jumatatu asubuhi, darasa lililojaa, wanafunzi wa mbele wakiwa wameziba pua.