Pamba ya Godoro

Msinipigie makofi, ndugu zangu. Ngojeni kwanza mjue nilichofanya, halafu mtaamua wenyewe kama nastahili kukaa na ninyi.

Mimi ni fundi magodoro, na wengi hapa Bagara mmelala juu ya kazi yangu. Ile miaka ya dhiki mnaikumbuka: sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Kule zahanati kila mgonjwa aliambiwa aje na pamba yake ya kufungia kidonda. Tamaa ikaniingia. Watu waliniletea magodoro ya zamani niyashone upya, mengine yamekojolewa na watoto, mengine wagonjwa wamefia juu yake. Nikawa napunguza pamba ya ndani. Naichambua, naipiga fimbo mpaka vumbi linafuka, ile nyeupe nyeupe naifunga kwenye karatasi ya buluu, nauza kama pamba ya hospitali. Hata mke wangu nilimwambia inatoka Arusha.

Mnakunja nyuso. Kunjeni tu. Mimi mwenyewe nikikumbuka natema mate.

Siku moja kisu cha kupasulia magodoro kiliniteleza, kikanichana mguu. Mke wangu akanikimbiza zahanati, na kwa mapenzi yake akachukua pakiti mpya kwenye rafu yangu. Muuguzi akaifungua. Ningesema nini? Kwamba mimi ni tapeli? Nikanyamaza, nikafungwa uchafu wangu mwenyewe.

Ndugu zangu, nawaambia, siku ya nne mguu ulinuka mpaka nikashindwa kula. Nikarudi zahanati na mke wangu. Bandeji ilipofunguliwa, usaha na nyuzi za pamba vilikuwa vimeshikamana na nyama. Muuguzi alizitoa moja moja, akauliza nilikanyaga nini. Nikasema matope. Hata hapo nilidanganya, jamani, kidonda kikiwa wazi.

Ndipo akaingia mama mmoja kutoka Nangara, amembeba binti yake aliyemwagikiwa uji wa moto kifuani. Hakuwa na pamba. Muuguzi akamwambia asihangaike, ipo iliyobaki ya huyu baba. Akaichukua ile pakiti ya buluu, akaanza kuchana pamba.

Nilikitazama kile kifua. Ngozi ilikuwa imetoka. Nikasema, "Dada, usimwekee. Hiyo ni pamba ya godoro. Mimi ndiye ninayeitengeneza."

Muuguzi aliweka pakiti chini, akaenda kunawa mikono upya. Yule mama akaiokota, akainusa, akanisogezea puani.

"Nusa, Baba," akasema. "Nusa na wewe."

Nikanusa. Mkojo. Nikatapika pale pale sakafuni.

Mke wangu alikwenda nyumbani, akaleta shuka letu moja zuri. Muuguzi akalikata vipande, akavichemsha, akavikausha, akavipiga pasi ya mkaa pande zote mbili, ndipo akamfunga yule mtoto. Na mimi akanifunga vivyo hivyo, ingawa sikustahili.

Mguu ulipoweza kunibeba nilizunguka Bagara na Maisaka, nyumba kwa nyumba, kuziomba zile pakiti na kueleza ni nini. Wengine walinifungia mlango. Mmoja alinifungulia mbwa, na nilimwona ana haki. Zote nilizopata nilizichoma. Baadaye nikamwomba muuguzi kazi ya kuchemsha vitambaa. Akakubali kwa sharti moja: kila furushi liandikwe jina la aliyelitayarisha, ili likiwa chafu ajulikane. Naandika langu mpaka leo.

Namshukuru yule muuguzi. Namshukuru mke wangu, aliyekaa mwezi mzima bila kuniuliza kitu na bado akanipikia. Tumezoea kuambiwa usimtendee mwenzio usilopenda kutendewa. Mimi neno hilo halikunisaidia, maana nilikubali kujitendea mwenyewe ule uchafu, mradi tu nisiumbuke. Kwa hiyo nawaomba, ukijua kilichomo ndani ya pakiti, sema kabla haijafunguliwa.

Yule binti alipona, ana kovu. Mama yake yumo humu ndani leo. Nikimsalimia anaitikia, ila mkono hajanipa, na simlaumu.