Kaburi Kwa Ploti ya Malili

Ndeti: Haloo? Nani huyo? Hii namba siijui.

Mbula: Ni mimi Mbula, dadako. Simu yangu imezima, hii ni ya mchimbaji.

Ndeti: Pole na shughuli. Mko wapi?

Mbula: Malili, kwa ploti. Wamechimba mpaka kifuani.

Ndeti: Wamechimba nini?

Mbula: Aiee, Ndeti! Kaburi ya Baba. Gari ya maiti ilitoka Mutomo asubuhi.

Ndeti: Nani aliwaambia mchimbe hapo? Si nilisema mningoje nifike—

Mbula: Tuchimbe wapi? Shamba yetu ya Mutomo ulimfanya Baba auze, anunue hii ploti. Ati hayo mawe yanalea mbuzi tu, Malili mji unakuja, tungoje bei ipande. Aliyenunua huko amekataa hata kutufungulia geti.

Ndeti: Kuna makaburi ya umma—

Mbula: Baba, mzee wa kanisa, azikwe huko kama mtu hana kwao?

Ndeti: Sikiza. Ploti ikiwa na kaburi hakuna mtu atainunua.

Mbula: Basi isinunuliwe! Hapa ndio kwetu sasa.

Ndeti: Msiendelee, Mbula. Kuna kitu—

Mbula: Haloo? Unapotea... Ngoja. Kuna lori imeingia. Imebeba posti na waya za fensi.

Ndeti: Mbula—

Mbula: Mwanaume anafokea wachimbaji. Ati ploti ni yake. Ako na karatasi... Ndeti, hii sahihi ni yako.

Ndeti: Ploti iliandikwa jina langu. Nilitaka kuzungusha pesa tu, niuze hiyo ninunue mbili, moja tujenge. Broka wa ploti akapotea na pesa yote.

Mbula: Lini?

Ndeti: Machi.

Mbula: Machi! Na Baba kila Jumapili anakuuliza utampeleka lini aone ploti yake!

Ndeti: Nilikuwa naogopa.

Mbula: Nakuchukia, Ndeti. Haki ya Mungu nakuchukia.

Ndeti: Mama amesikia?

Mbula: Ameketi hapo kwa mchanga. Anaonyesha wamama wa kanisa pahali pake pa kuzikwa, hapo kando ya Baba.

Ndeti: Usimwambie. Nakuja saa hii.

Mbula: Uje na nini? [upepo] Wachimbaji wanatoka shimoni. Mama ananiuliza mbona wanatoka.

Ndeti: Mbula, tafadhali—

Mbula: Mwenye simu anasema kredo yake ya simu inaisha. Niambie haraka. Gari ya Baba ikifika, dereva nimwambie aende wapi?

Ndeti: Mwambie... mwambie—

Mbula: Ndeti? Aende wa—

[Simu imekatika.]